Farasi wa Mahari

Sehemu ya tisa

Wiki iliyopita uliniacha, msomaji, nimekaa sakafuni nyumbani kwa baba yangu Izki, karatasi za farasi zimo mkononi, nacheka peke yangu. Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukutana nami, usihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Yaliyomo humo ni kuanguka tu, nami nitakupa kwa ufupi.

Mimi ni Rumaitha binti Suud. Nina miaka ishirini na mitano, nakaa Ibra na bibi yangu mzaa mama, Bibi Mabruka, aliyenilea. Mama yangu, Asya, alifariki nikiwa na siku nane. Baba alioa tena Izki, ana wanawe huko na kazi yake ya serikali, na mapenzi yake kwangu huja kwa simu.

Jambo nililolitaka duniani ni moja: kupanda farasi wa mbio na kushinda. Sikutaka kupanda kwa kupigiwa picha. Nilitaka kufika wa kwanza, wanaume wakiwa nyuma yangu wanakula vumbi.

Farasi wa kwanza niliyekabidhiwa alikufa kwa msokoto wa tumbo, kichwa chake kimelala mapajani pangu. Wa pili aliniangusha nikavunjika mtulinga. Wa tatu, mmiliki wake, Bwana Humoud, alimpa mwanamume asubuhi ile ile ya mbio, mimi nimeshavaa buti, akanambia kwamba mwanamke akianguka watu humlaumu mwenye farasi. Miaka minne, mbio kumi na moja, sijawahi kumaliza hata wa tatu. Majirani walisema la kuvunda halina ubani, na mimi nilikuwa nimeanza kukubaliana nao.

Ndipo akaja Nabhan.

Nabhan bin Ghanim ni mtu wa Sur. Baba yake, Mzee Ghanim, ana shamba la farasi nje ya Ibra, na Nabhan ndiye mkufunzi wao. Alinifundisha mwaka mzima bila ya kuniambia hata mara moja kwamba mimi ni mwanamke. Siku aliponiposa, kwa jeuri yangu, nilimwambia Baba apeleke jibu hili: sitaki dhahabu. Mahari yangu ni Samra.

Samra ni farasi jike wa miaka mitano, rangi ya kahawa, mwenye mbio na mwenye meno. Anauma kila mtu isipokuwa mimi. Mzee Ghanim alikuwa keshaahidi kumuuza kwa mtu wa ng'ambo ya mpaka, lakini Nabhan alimng'ang'ania baba yake mpaka akakubali. Nikaha ikafungwa Izki, na Samra akaandikwa jina langu. Harusi yenyewe, walima na kupelekwa kwa mume, ikapangwa Alhamisi, siku sita baada ya mbio za Ijumaa za Nizwa, ambazo ningempanda Samra.

Hapo ndipo nilipokuwa nacheka sakafuni. Sasa sikiliza kicheko kilivyokwisha.

Jumatano alasiri wanawake wa Sur walikuja kwetu Ibra kuleta nguo za bi harusi. Walikuja na gari tatu, masanduku, udi, halwa kwenye mabakuli makubwa, na vigelegele vilivyoanzia barabarani. Aliyewatangulia ni mama yake Nabhan, Mama Kaltham, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mbuzi.

Nataka uelewe kitu hapa. Mimi nilimpenda yule mama. Mtu asiyekuwa na mama anajua ninachosema. Alikuwa akiniita binti yangu tangu siku ya posa, akinishika kichwa na kunibusu paji la uso, na mimi mtu mzima nilikuwa nikijifanya sijali, kisha nakwenda msalani kulia.

Bibi Mabruka alikuwa hajapata kumwona. Miezi mitatu yote ya posa na nikaha Bibi alikuwa Samail kwa mama yangu mdogo, Tufool, akitibiwa macho. Walirudi pamoja Jumanne. Kwa hiyo siku ile ndiyo kwanza bibi yangu na mkwe wangu wanakaa kwenye zulia moja.

Walinikalisha katikati. Mama Kaltham akanisogezea halwa, nikakataa. Ijumaa nilitakiwa kupimwa, mimi na tandiko langu tusizidi kilo hamsini na nne, na tangu Jumatatu chakula changu kilikuwa ndizi moja na kahawa chungu. Wanawake wakacheka. Mmoja akauliza bi harusi mwembamba hivi atanyonyesha kwa kitu gani.

"Mwacheni," alisema Mama Kaltham. "Mimi ninayo hadithi ya maziwa."

Akaanza kuhadithia kwa Kiarabu, mkono mmoja umo begani kwangu. Alisema Nabhan alimzaa hapa hapa Ibra, hospitali, kwa sababu wakati ule alikuwa kwa wajomba zake, Mabedui wa jangwani, na yeye mwenyewe akivaa barakoa usoni kama wao. Walikaa wodini wiki mbili kwa homa ya mtoto, na maziwa yake yalikuwa mengi mpaka yakirowesha shuka. Kwenye kitanda cha jirani palikuwa na mzazi mahututi, hajijui hajitambui. Mtoto wake wa kike alikuwa akilia usiku na mchana, na aliyekaa naye ni bibi wa Kizanzibari, mgeni wa nchi, asiyejua hata neno moja la Kiarabu.

"Nikamchukua yule mtoto," alisema. "Siku tatu nilimnyonyesha. Nabhan kulia, yeye kushoto. Siku niliyotoka, yule bibi alivua kanga aliyojifunika akanipa, maana hakuwa na maneno ya kunishukuru. Mpaka leo najiuliza kama yule mtoto aliishi."

Wanawake wakamwombea mtoto. Mmoja akasema Mungu atamlipa. Mimi nilikuwa nimemtazama Bibi.

Bibi alikuwa ameweka kikombe chini. Kiarabu alishajifunza zamani. Miaka ishirini na mitano si kidogo. Alinyanyuka taratibu, akanambia nimsaidie kutazama sufuria jikoni. Jikoni hapakuwa na sufuria lolote motoni.

"Funga mlango, Rume," alisema.

Nikafunga.

"Ndiye," alisema.

Nilimwambia Wazanzibari ni wengi Ibra. Nilimwambia wazazi mahututi ni wengi, na kanga zimejaa kila sanduku. Nilisema mambo mengi, na huku nikijua kwamba Nabhan ananizidi siku kumi na moja tu. Tulikuwa tukilifanyia mzaha jambo hilo.

"N'na miezi mitano tu nimeshuka kutoka Unguja," alisema Bibi. "Mamako anakata roho, weye unalia. Akaja mwanamke na barakoa yake, kakuchukua. Uso wake sikuuona. Jina sikumuuliza, n'taulizaje na lugha sina? N'liona haya, mwanangu. N'kajiambia huyu Mbedui wa huko mbali, hatutaonana naye tena."

Nikamuuliza kwa nini hakusema wakati wa posa. Kwa maana kila posa huku huulizwa swali la maziwa, nani alimnyonyesha nani, isije ikawa ndugu wa ziwa moja wanaoana.

Bibi alinieleza kwamba Baba alimpigia simu Samail akamuuliza, na yeye akamjibu kwamba nilinyonyeshwa na Mbedui mmoja hospitali, hamjui jina. Baba akasema basi hapana tabu, hawa ni watu wa Sur, wafanyabiashara. Mmoja hakuuliza jina, mwingine hakuuliza zaidi, na mimi nikaozwa.

"Basi ni nduguyo," alisema Bibi. "Mmenyonya ziwa moja. Hiyo nikaha haipo, Rume. Haikuwapo tangu siku ile."

Nimeahidi kukwambia kweli kwenye safu hii, msomaji, hata ikinitia aibu. Mtu mwema angelia kwa ajili ya Nabhan. Mtu mwema angesema alhamdulillahi, tumejua kabla ya harusi. Mimi neno la kwanza lililonitoka lilikuwa hili:

"Na Samra?"

Bibi alinitazama kama mtu aliyeingia nyumba si yake.

"Nikaha hakuna, mahari ya nini? Arudishwe kwao."

Nikapiga magoti. Nilimshika Bibi miguu kwenye sakafu ya jikoni, na huko sebuleni wakipiga vigelegele kwa kila nguo inayotolewa sandukuni. Nilimwambia nikisema leo, Mzee Ghanim kesho atampandisha Samra kwenye lori, amfuate yule mnunuzi wake. Nilimwambia hakuna mtu mwingine Oman nzima atakayenipa farasi, wote nimeshawaomba. Nikamwambia sitaki mume, sitaki harusi, nataka Ijumaa tu. Nipande mara moja farasi anayeweza kushinda, kisha nitasema mwenyewe.

"Haramu haina ngoja, mwanangu."

"Siku mbili, Bibi."

"Na huyo kijana? Yeye anajua u mkewe. Akikushika mkono?"

"Hatonishika."

Nikasikia mtu anakuja ukumbini kututafuta. Hapo Bibi akasema, kwa sauti ya chini, kwamba atangoja mpaka Ijumaa kabla ya Magharibi. Nimwambie Nabhan kwa kinywa changu. Nisipomwambia, atasema yeye mbele ya watu wote, na mimi nisimwite bibi tena.

Nikarudi sebuleni. Mama Kaltham akanivisha kilemba cha dhahabu kichwani nijaribu, akalia kwa furaha, nami nikatabasamu.

Alhamisi sikumpokelea Nabhan simu. Nilimwandikia kwamba kichwa kinaniuma. Akaniandikia nile kitu, hata tende tatu, Samra hatajua tofauti. Niliyasoma yale maneno mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu anayejua anayoyajua.

Bibi naye hakusema nami siku ile. Alikaa chumbani kwake na msahafu, mlango umeegeshwa. Nilimpelekea chai, akasema iweke hapo. Sikumwangalia kama aliinywa. Akili yangu yote ilikuwa Nizwa.

Ijumaa tulifika Nizwa baada ya sala. Baba alikuwapo, amevaa kilemba kipya, anamwonyesha kila mtu binti yake. Miaka minne hakupata kuja kunitazama hata mara moja. Mzee Ghanim alikuja na wageni tangu Ashkhara na Sur, mabasi mawili mazima, kwa sababu siku ile farasi wake watatu walikuwa wanakimbia, na Samra yeye alimhesabu bado ni wake.

Nilipimwa nikapita. Nilipotoka kwenye mizani Nabhan alikuwa ananingoja na Samra. Kazi ya mkufunzi ni kukushika mguu chini ya goti na kukurusha juu ya tandiko. Ameshanirusha mara mia mbili. Nilimwambia amwachie mchungaji wa farasi anirushe.

Uso ulimshuka. Aliniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia hapana, baada ya mbio nina neno naye. Akatabasamu, maskini, akidhani ni neno tamu, akampigapiga Samra shingoni na Samra akajaribu kumuuma.

Tulikuwa farasi tisa, mita elfu moja na mia sita. Vizimba vya kuanzia vilipofunguliwa mmoja alinigonga ubavuni nikabaki wa saba. Mwengine angekwambia alimwomba Mungu. Mimi niliona haya kumwomba, nikamsogeza Samra upande wa ndani karibu na ukingo na kungoja. Kwenye kona wanaume wawili walitanuka kidogo, wanagombana kwa viboko, na njia ikafunguka, nyembamba ya farasi mmoja. Farasi aliyenivunja mtulinga alianguka kwenye njia kama hiyo. Nikamtia Samra humo humo.

Sikumchapa hata mara moja. Nilimwita jina tu. Alitoka upande wa pili ameshika wa tatu, halafu wa pili, kisha nikaona mbele yangu hakuna kitu, mchanga mtupu na nguzo nyeupe. Tukashinda kwa urefu wa shingo.

Nilifurahi. Nakiri hilo pia. Tangu kwenye nguzo mpaka nilipogeuza farasi kurudi, labda dakika mbili, nilikuwa na furaha nisiyowahi kuwa nayo, na ndani yake hamkuwa na Nabhan, wala Bibi, wala dhambi. Mtangazaji alisoma kwenye kipaza sauti: mwenye farasi, Rumaitha binti Suud, mpandaji, Rumaitha binti Suud.

Bwana Humoud, yule aliyenivua buti, alikuwa wa kwanza kunijia. Akanambia msimu huu wote anataka nimpandie farasi wake watatu. Nilimuuliza ile lawama ya mwanamke akianguka imekwenda wapi. Akacheka.

"Sasa una mume nyuma yako," alisema. "Na mume mwenyewe ni mwana wa Ghanim. Nani atanilaumu?"

Basi nikaelewa. Miaka minne nimegonga mlango, na umefunguliwa siku ambayo ufunguo wake si wangu. Nikisema ninalolijua, Samra anaondoka, na farasi watatu wa Humoud wanaondoka naye. Nitarudi kuwa yule yule wa kuvuliwa buti. Nilimshukuru Bwana Humoud, nikasema nitafikiri.

Nikaanza kumtafuta Nabhan. Jua lilikuwa bado liko juu ya mitende, nina muda. Lakini kabla sijamfikia Mzee Ghanim alishapanda kwenye jukwaa, amemshika Baba mkono, na watu wamewazunguka.

Aliwaambia wageni wake kwamba shambani Ibra mbuzi wameshachinjwa kwa ajili ya kusherehekea mbio. Jamaa wa Ashkhara wako hapa, wa Sur wako hapa, na kesho wanarudi. Nikaha ipo tangu mwezi uliopita. Kwa nini kuwasumbua watu waje tena Alhamisi? Farasi ameshaleta heri, bi harusi na aje leo. Akamuuliza Baba mbele ya kadamnasi.

Baba alisema amekubali. Hakutazama hata niko wapi. Wanawake wakapiga vigelegele, na Mama Kaltham akaanza kuita sanduku la nguo lishushwe kwenye gari.

Hapo niliingiwa na woga wa kweli. Nikajificha kwenye chumba cha matandiko, nikampigia Bibi simu. Unajua nilitaka nini? Nilitaka aseme yeye. Nilitaka ampigie Baba, aseme yote, mimi nisimame nimeinamisha kichwa kama mtu aliyeonewa.

Simu alipokea Mama mdogo Tufool. Nilimsalimu shikamoo, hakuitikia.

"Tuko hospitali," alisema. "Bibi kaanguka baada ya Adhuhuri. Rume, alikuwa kafunga. Jana kafunga, na leo kafunga, bila ya daku, na dawa zake za sukari kazinywa. Mtu wa umri ule. Nimemkuta chini, mdomo umekwenda upande."

Nilimuuliza kama anasema.

"Hasemi. Daktari kasema labda hatosema tena. Kabla ulimi haujafunga alikuwa anataja jina moja tu, Kaltham, Kaltham. Huyo si mkweo? Kwani kuna nini?"

Bibi yangu alifunga kwa ajili yangu. Dhambi niliyomwomba anisaidie kuifanya, yeye alikaa chumbani anailipia kwa tumbo lake, na mimi nikampelekea chai nisimtazame kama anakunywa.

"Sijui, Mama mdogo," nilimjibu. "Sijui kuna nini."

Nikakata simu. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la shayiri, nalia bila ya sauti, Nabhan alipoingia kunitafuta. Alisimama mbali, maana ameshaona kwamba sitaki kushikwa. Aliniuliza ndilo hilo neno langu, kwamba baba yake ameharakisha? Kama ndilo hilo atakwenda kumwambia tungoje Alhamisi, wageni wakasirike wakitaka.

Alikuwa mwema hivyo. Nikamwambia.

Nilimwambia yote, hospitali, kanga, barakoa, siku kumi na moja, Bibi aliyefungwa ulimi leo, na kwamba nimejua tangu Jumatano na nikanyamaza kwa ajili ya mbio. Sikujitetea. Nilipomaliza, nje walikuwa wanampandisha Samra kwenye gari lake, nikasikia kwato zake zinapiga ubao.

Nabhan hakukasirika. Alikaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani. Aliniuliza nani mwingine anajua.

"Bibi peke yake."

"Na mama yangu?"

"Anamjua mtoto. Hajui kwamba ni mimi."

"Na Bibi hawezi kusema."

Nilianza kuogopa namna alivyokuwa akiuliza, polepole, kama anavyopapasa mguu wa farasi kutafuta ulipovunjika.

"Mwaka mzima nimekuchukua jangwani na kukurudisha," alisema. "Nimemtukana baba yangu kwa ajili yako, mimi ambaye sijapata kumpandishia sauti. Nikitoka hapa nikiwaambia watu, utaondoka weye, ataondoka farasi, nami nitabaki kuwa mtu aliyeoa dada yake. Watanisema mpaka nife." Aliinua uso, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Anayejua ni mimi na wewe."

"Na Mungu, Nabhan."

"Wewe Mungu ulimngojesha siku mbili."

Alikuwa amesema kweli tupu, na aliyemfundisha ni mimi.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mama Kaltham, jasho linamtoka, amekumbatia nguo ya kijani ya bi harusi. Akatuona tumekaa mbalimbali, nyuso zimetushuka, akadhani ni haya za maarusi. Akacheka, akasema tumsamehe, atageuka nyuma, lakini gari zimeshawashwa na bi harusi bado ananuka farasi.

Nikasimama. Nilijua nikitoka chumbani mle bila ya kusema, sitasema tena.

"Mama," nilimwambia. "Yule mtoto wa hospitali."

"Mtoto gani, binti yangu?"

"Yule uliyemnyonyesha na Nabhan. Bibi yangu anamjua."

Uso wake wote ulikunjuka. Akaziacha zile nguo zikaanguka kwenye shayiri, akanishika mikono miwili. Aliuliza yuko wapi, ameolewa, ana watoto, anakaa Ibra? Miaka yote hii anamwomba Mungu amwonyeshe mtoto wake yule, maana ni wake, amempa damu ya kifua chake. Nikafungua mdomo.

"Alikufa," alisema Nabhan nyuma yangu. "Ndiyo habari aliyopewa Rumaitha leo, ndiyo maana analia. Yule mtoto alikufa wiki ile ile."

Mama Kaltham alinitazama mimi, si yeye. Alikuwa anangoja nimwambie kwamba ni uongo. Nilikuwa na nafasi, msomaji. Alinipa nafasi ndefu, macho yake yamo machoni mwangu, na nje mtu alikuwa anaita majina yetu. Nikainamisha kichwa.

Kisha akanivuta kifuani pake, akaniegemeza kichwa, na akaanza kumlilia yule mtoto.